Mafuta Yalipokwisha Bailey Avenue

Baba wa mchumba wangu alikuwa na sharti moja, na alilitoa kwa simu kutoka Buffalo, mimi nikiwa Louisville, nimesimama wima jikoni kama mtu anayepigiwa wimbo wa taifa. Binti yake hataolewa na mtu asiye na cheti cha sekondari. Mambo mengine yangezungumzika.

"Bon, kijana," alisema. "Ulete ile karatasi. Ukileta, tunaongea. Kama haiko, haiko."

Alikuwa amefundisha shule ya msingi Kongo, upande wa Uvira, kwa miaka mingi, na sasa katika kiwanda kimoja cha Buffalo alikuwa akibana vifuniko kwenye ndoo za plastiki. Kila aliyemwamrisha pale kiwandani alikuwa mdogo kwake na alikuwa na cheti. Kwa hiyo nilimwelewa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa wazazi Warundi, nimekulia kambini magharibi mwa Tanzania, na shule yangu ilikatikia siku kambi ilipofungwa. Marekani nilifika na lugha tatu na mdomo. Baadaye nikaongeza leseni ya foklifti.

Nikajiandikisha shule ya jioni ya watu wazima. Saa tisa alasiri nilitoka kazini, kwenye ghala lililokuwa kubwa kiasi kwamba ukiingia upande wa mashariki jua linawaka, ukitokea upande wa magharibi unakuta mvua imenyesha na imekauka. Saa kumi na moja nilikuwa darasani, miguu inauma, mkononi nina kalamu iliyoonekana nyembamba kama sindano baada ya kutwa nzima ya kushika usukani wa foklifti. Tulikuwa kumi na wanne: Wasomali, Wakuba, Wanepali, Wamarekani watatu waliokuwa wameacha shule zamani, na mimi. Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kimarekani mwembamba, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kucheka kichekesho changu hata kimoja, na nilimpa kama elfu mbili.

Ili kumaliza somo la jamii, kila mtu alipaswa kusimama mbele ya wenzake dakika kumi, aeleze jambo moja la dunia, kisha ajibu maswali. Ukishindwa, unarudia muhula mzima. Na baba wa mchumba wangu hakuwa mtu wa kungoja muhula mzima. Huko Buffalo kulikuwa na kijana mwingine wa kanisani kwao, fundi wa mitambo ya kupoza nyumba, ambaye alikuwa na cheti chake tayari na alikuwa anapenda sana kubeba viti baada ya ibada.

Mwalimu aliandika mada ubaoni. Mwaka ule, elfu mbili na kumi na tano, Burundi ilikuwa kwenye habari, na darasa zima lilinigeukia kama vile mada ile imeshapata mwenyewe. Sikuichukua. Nilitaka vita ambavyo sina ndugu ndani yake. Nikachagua mstari wa chini kabisa: umuhimu wa mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb wakati wa vita vya Yemeni.

Mlango wa bahari ni mahali ambapo nchi mbili karibu zishikane mikono, na bahari inapenya katikati. Huu uko kati ya Yemeni na pembe ya Afrika. Meli ya mafuta inayotoka Ghuba kwenda Ulaya kwa njia ya mkato hupita hapo, ikapanda Bahari ya Shamu, ikatokea Suezi. Mahali penye wembamba zaidi, kama pangekuwa barabara kuu, ungevuka kwa gari dakika ishirini kama hakuna polisi. Tena katikati pana kisiwa, kwa hiyo hata hizo dakika ishirini zimegawanywa, na meli kubwa hutumia upande mmoja. Na wakati huo, upande wa Yemeni, watu wenye silaha walikuwa wakigombea pwani ile pamoja na kisiwa chenyewe.

Nilisoma hayo yote maktaba, mara tatu, na bado sikuyaona. Bahari nilikuwa nimeiona siku moja tu katika maisha yangu, kwa dirisha la ndege, na ilikuwa imefunikwa na mawingu. Lakini Louisville ina mto Ohio, na mto ule una mahali pa maporomoko ambapo vyombo haviwezi kupita. Vinazunguka kwenye mfereji wa pembeni wenye mageti. Jumamosi moja nilikwenda kuangalia. Nilikuta matishari yamefungwa pamoja kama magodoro, mengine yana makaa, mengine ni matangi, yanasukumwa na boti moja kutoka nyuma, taratibu, sentimita kwa sentimita, na nyuma yake boti nyingine imetulia inangoja zamu. Nyuma ya hiyo, nyingine. Hakuna aliyekuwa anagombana na mtu. Geti lilikuwa linafanya kazi yake ya kila siku. Lakini nilisimama pale na mkate wangu mkononi nikajiuliza: je, kama kwenye zile kuta za zege angekuwepo mtu na bunduki? Si lazima apige. Angekuwepo tu.

Wazo zuri sana lile. Kwa bahati mbaya sikulikumbuka siku nilipolihitaji, nilikumbuka tu furaha ya kuwa nalo.

Jioni ile ile nilipiga simu Buffalo nimsalimie mchumba wangu, akapokea mama yake. Yule mama alikuwa mkuu wa wamama wa kanisa lao la East Side, na neno lake kule lilisikilizwa kuliko redio.

"Donc, kijana," aliniuliza, "uko nasoma nini huko?"

"Mama, nasoma mlango wa bahari."

"Bahari iko na mulango?"

"Iko mingi, Mama, lakini huu ndio wenyewe. Mafuta ya dunia yanapita hapo. Na sasa hivi kuna vita pale pale mlangoni."

"Eee Mungu!"

Hapo mtu mwenye akili angesema salamu za mwisho akakata simu. Lakini niambiwe "Eee Mungu" kwa sauti ile, na mama wa msichana ninayemtaka, na mimi ndiye mwenye habari! Nilipanda kama unga wa mandazi.

"Mama, ule mlango ukifungwa wiki moja tu, hata huko Buffalo hamtaona tone la mafuta. Tone! Mtakuja kulamba chupa."

"Mafuta yote?"

"Yote, Mama. Hayatachagua Mkongo wala Mmarekani."

"Asante, kijana. Umefanya vizuri kutuambia."

Nililala nikiwa na furaha. Nilijiona nimeshafaulu mtihani wa kwanza.

Sasa, kwetu tuliokulia Tanzania, gari huwekwa mafuta. Kwa watu wa Kivu, huko Kongo, gari huwekwa esanse. Mafuta kwao ni kitu cha kula, na mafuta hasa ni mawese, yale mekundu, ambayo bila hayo sombe, yaani kisamvu, inabaki kuwa majani tu. Nilikuwa najua jambo hilo. Nilikuwa nimefanya kazi na Wakongo miaka mitatu. Lakini mtu anayejiona mtaalamu wa bahari hakumbuki mambo ya jikoni. Naye yule mama alikuwa na hoja yake kamili: mawese yanatoka wapi? Afrika. Yanakuja na nini? Meli. Meli inapita wapi? Mimi msomi nilikuwa nimeshamwambia.

Ikawa kama haitoshi. Binti yao wa mwisho, ambaye hata nimsalimie kwa Kiswahili gani ananijibu kwa Kiingereza, alikuwa amekaa karibu na simu, akamsahihisha mama yake: huyu anasema gesi, Mama. Ndivyo Wamarekani wanavyoiita petroli. Mama akamshukuru kwa kuongeza habari. Kwa hiyo sasa vilikuwa vinakwisha viwili, mafuta ya kula na gesi ya jiko, na ile gesi ya jiko ndiyo inayopasha nyumba joto kule Buffalo, mji ambao nimeambiwa mtu akipiga chafya Januari sauti inayeyuka Aprili.

Haya yote niliyajua baadaye. Wakati yanatokea, mimi nilikuwa Louisville najisomea.

Jumapili, baada ya ibada, mama alisimama mbele ya wamama wenzake akawatangazia. Hakuongeza neno, na hakuwa na haja. Kufikia Jumanne, maduka ya vyakula vya Kiafrika kwenye Bailey Avenue hayakuwa na mawese hata ya kupaka bawaba. Wamama walinunua bido, yaani madumu, za lita tano, walinunua na mafuta ya alizeti ya kuongezea, na mmoja, nasikia, alinunua majiko mawili ya umeme. Habari ikapanda simu. Ilipita Rochester, ikashuka Ohio, na siku ya Alhamisi ikafika ghalani kwetu kwa mdomo wa mzee mmoja Mkongo tuliyekuwa tukipakia naye.

"Petit, umesikia? Mafuta itaisha."

"Mafuta gani?"

"Ya kula! Mawese! Kuna vita fulani huko, wameziba njia ya meli. Muke yangu ameambiwa na dada yake wa Buffalo. Iko musomi mukubwa njo alisema, mutu ya université."

"Msomi wa chuo kikuu?"

"Ya université kabisa."

"Basi ni kweli," nilisema.

Naapa hivi ndivyo ilivyokuwa. Vita, meli, njia iliyozibwa, Buffalo, vyote vimepangwa mbele yangu kama visahani, na sikuona. Lile neno "chuo kikuu" ndilo lililonipoteza, nisingeweza kujidhania. Baada ya kazi nilipita dukani na kununua chupa mbili za mawese, zilizokuwa za mwisho, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaniangalia kama nimemnyang'anya mtoto.

Mchumba wangu alipiga simu kesho yake wakati wa mapumziko yangu ya chakula. Hakusalimia.

"Wewe ulimwambia mama yangu nini?"

"Kuhusu nini?"

"Bido sita, mpenzi. Bido sita za mafuta ziko chini ya kitanda changu. Si kitanda chake. Changu mimi."

Ndipo vile visahani vilipoanza kugongana kichwani.

"Nilimwambia juu ya petroli," nilisema.

"Ulisema petroli?"

"Nilisema mafuta."

"Na ulisema watu watalamba chupa?"

"Nilisema."

"Nani analamba chupa ya petroli?"

Akanieleza yaliyobaki bila kupandisha sauti, jambo lililonitisha zaidi. Baba yake alikuwa amemfuata mwenye duka mmoja akamuuliza, na mwenye duka akasema mzigo unakuja kama kawaida, hakuna meli iliyozuiwa, ila hajawahi kuuza namna ile tangu afungue duka. Baba akarudi nyumbani akalisema hilo mezani. Tangu siku hiyo mama haendi mazoezi ya kwaya. Wamama wawili walikuwa wameshaanza kumuuliza, kwa upole ule wa kanisani, kama mlango umefungwa au bado.

"Na Papa anasemaje?" niliuliza.

"Anasema cheti ulete. Lakini mama naye iko na swali lake kwako. Na Papa anasema usipolijibu vizuri hilo, cheti utabaki nacho."

Nilijaribu kuomba msamaha kwa simu. Kila nilipopiga, niliambiwa Mama anaoga. Kwa wiki mbili nzima yule mama alikuwa mtu msafi kuliko wote katika jimbo la New York.

Siku yangu ya kusimama darasani ilifika katikati ya hayo. Niliwachorea ubaoni Yemeni upande mmoja, Afrika upande mwingine, kisiwa katikati, mishale ya meli. Nilieleza njia ya mkato na njia ndefu ya kuzunguka Afrika nzima. Nilieleza kwamba anayeshika mlango ule hahitaji kuwa na kisima hata kimoja cha mafuta ili wenye visima wamsikilize. Niliongea vizuri, Mkuba mmoja alinipigia meza. Kisha mwalimu akainua mkono kama mwanafunzi.

"Kama ni muhimu hivyo," aliuliza kwa ile sauti yake ya chini, "na vita viko pale pale, mbona petroli hapa kwetu ni rahisi kuliko mwaka jana wakati kama huu?"

Ilikuwa kweli. Kila mtu darasani alikuwa anajaza gari lake akitabasamu. Maktaba haikuwa imeniandaa kwa swali hilo, au iliniandaa na mimi nikawa naangalia dirishani. Nilisimama pale mbele na kalamu ya ubao mkononi, nikamwona baba wa mchumba wangu akikunja uso, nikamwona fundi wa kupoza nyumba akibeba viti.

Nikasema sababu niliyoijua: kwamba dunia mwaka ule ilikuwa na mafuta mengi kuliko ilivyoyahitaji, na meli zilikuwa bado zinapita. Mwalimu akangoja. Alikuwa na namna ya kungoja ambayo ingelifanya hata jiwe liongeze maelezo. Nikawaambia habari za Buffalo.

Niliwaeleza yote, pamoja na kulamba chupa. Niliwaambia kwamba ndani ya siku tatu mtaa mzima ulikosa mafuta ambayo hakuna mtu aliyeyazuia, kwa sababu ya mlango ambao haujafungwa, kwenye bahari ambayo mafuta hayo hayapiti. Nikasema nadhani mlango wa bahari una kazi mbili. Ya kwanza ni kupitisha meli, na hiyo unaweza kuiona kwa satelaiti. Ya pili ni kuwafanya watu walio mbali waogope, na hiyo haihitaji meli hata moja isimame. Wenye bima ya meli wanaogopa, wanunuzi wanaogopa, wanaweka akiba, na akiba yenyewe inaleta upungufu waliouogopa. Mwaka huu matangi yamejaa, kwa hiyo woga umekosa pa kushika. Yasingekuwa yamejaa, uvumi tu ungetosha.

"Na huo uvumi uliuanzisha wewe?" aliuliza mwalimu.

"Mimi, mwalimu."

Alicheka. Mara moja, kama mtu aliyekwamwa na punje, lakini alicheka, na mashahidi ninao wa mabara matatu. Nilifaulu.

Cheti nilikipata mwezi wa sita. Nilikitia ndani ya bahasha ya plastiki, na bahasha ndani ya koti, na koti halikutoka mwilini ingawa Louisville siku ile ilikuwa na joto la kukaanga yai kwenye kofia. Nikaendesha hadi Columbus kumchukua kaka yangu mkubwa, ambaye angekuwa mshenga wangu. Alikuwa akimhudumia mzee mmoja wa Kimarekani nyumbani kwake, mtaa wa Clintonville, kumwogesha, kumpa dawa, kumsomea gazeti kwa lafudhi ya Kirundi. Alitoka amevaa suti, akamuaga mzee wake mlangoni, akaingia kwenye gari na kufunga mkanda.

"Hebu niambie hiyo habari ya mafuta," alisema. "Lakini uniambie kama unamwambia daktari."

Nilimwambia. Tulikuwa tumeshapita Cleveland nilipomaliza.

"Mdogo wangu," alisema, "unaona tatizo liko wapi? Ukisema mama alisikia vibaya, umemwita mjinga nyumbani kwake. Ukisema ulidanganya, baba ampe binti mwongo?"

"Sasa niseme nini?"

"Mimi ni mshenga. Kazi yangu ni kuomba binti. Hilo la mafuta ni lako."

Na akalala mpaka Buffalo, mdomo wazi, amekumbatia koti la suti yake.

Nyumba yao ilikuwa mtaa mdogo unaotokea Bailey, ya mbao, ya ghorofa moja juu, yenye baraza mbele. Sebuleni kulikuwa na watu wengi kuliko tulivyotarajia. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo hadi shingoni. Mama alikuwa pembeni yake. Na kwenye makochi walikuwa wamekaa wamama watatu wa kanisa, vitenge vya sare, mikoba mapajani, wamekuja kumwona yule msomi. Mchumba wangu alinisalimia kwa macho tu, akarudi jikoni.

Tulipewa soda. Tuliulizwa habari za barabara. Kaka yangu akakohoa kuanza, na mama akainua mkono.

"Bon. Kabla ya hiyo," alisema. Hakuwa ananiangalia, alikuwa anaangalia wamama wenzake. "Mimi niko na neno. Kijana, mbele ya hawa wamama, sema. Ulinidanganya, ao mimi njo nilisikia vibaya?"

Kaka yangu alinikanyaga, lakini kiatu chake hakikusema ni lipi kati ya yale mawili.

Niliangalia chini. Nilikuwa na majibu marefu kumi na mawili niliyoyatunga tangu Kentucky, yote matamu, na moja lilikuwa na mstari wa Biblia. Sikutoa hata moja.

"Mama, ulisikia sawasawa," nilisema. "Mafuta ni mafuta, na mimi nilijua kwenu mafuta ni ya kula, nikasahau. Vita vipo, na mlango upo, huo haukuwa uongo. Uongo ni ule wa wiki moja. Ni ule wa tone. Na ule wa kulamba chupa. Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Niliongeza mimi, kwa sababu ulikuwa unanisikiliza."

Mmoja wa wale wamama akamgeukia mwenzake.

"Kumbe alikuwa anasema esanse?"

"Esanse," alijibu mwenzake.

"Na mimi niko na bido ine kwenye chumba ya watoto!"

"Ine? Mimi nane, dada."

Wakaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, na mama akajitahidi kutocheka mpaka kitambaa kikamshuka kichwani. Lakini baba hakucheka. Alinyoosha mkono, nikamkabidhi cheti. Alikisoma neno kwa neno, hata maandishi madogo ya pembeni, kwa kidole, kama anatafuta kosa la kutia wino mwekundu. Kisha akakiweka juu ya goti.

"Sasa uifundishe vile iko," alisema. "Bila kuongeza chumvi. Ule mulango ukifungwa kabisa, meli itapita wapi?"

"Itazunguka Afrika, Papa. Itashuka mashariki yote, ipite Rasi ya Tumaini Jema, ipande magharibi."

"Siku ngapi zaidi?"

"Inategemea meli na inakokwenda. Wiki moja, mbili. Sina hakika."

Aliinua uso kutoka kwenye cheti. Nadhani ndilo neno alilokuwa analingoja, kwa sababu walimu wote niliowahi kuwa nao wana uso ule ule mwanafunzi anaposema hajui badala ya kubuni.

"Na huku, esanse itakosa?"

"Haitakosa. Inaweza kupanda bei. Watu wataogopa kwanza, ndipo itapanda."

"Njo vile," alisema. Akamgeukia mke wake. "Mama, amekujibu?"

Mama alikuwa anafunga kitambaa chake upya. Hakuharakisha. Alivuta ncha moja, akavuta nyingine, akajaribu fundo kwa kidole, na wale wamama watatu wakaacha kucheka ili wasikie.

"Amejibu," alisema.

Baba akanirudishia cheti changu, akaegemea kiti, akamtazama kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Bon, mushenga. Sasa uongee ile ulikuja kuongea."

Kaka alisimama, akavuta koti la suti likae, akaomba maji kwanza, akanywa glasi nzima. Jikoni, mchumba wangu alifunga bomba alilokuwa anaoshea vyombo, apate kusikia.